Kula Peke Yangu Mjini Bukavu

Wengi mmeniuliza, chuoni na kanisani, chakula cha Bukavu kilikuwaje. Kila mara nimejibu "kizuri", kisha nikawaulizia watoto wenu. Nimeona afadhali niandike mara moja niwape nyote, maana kusimulia kwa mdomo sijaweza kufika mwisho hata mara moja.

Mnajua kwamba ninafundisha upishi hapa Tabora na kwamba kazi hiyo niliisomea Morogoro. Msichojua ni kwamba huko Morogoro nililala chumba kimoja na msichana wa Kongo aitwaye Nsimire. Alikuwa mwembamba, mbishi, na alikuwa na tabia ya kuonja chungu cha kila mtu bila kuombwa. Tukichoka na maharage ya bweni, alikaa kitandani akanitajia sehemu za kula za mji wao, moja baada ya nyingine, mpaka nikamrushia mto anyamaze.

"Siku utafika, Kulwa," alikuwa akisema, "tutazunguka mu ville, mjini kwetu, mpaka ukose mahali pa kuweka chakula."

Miaka ikaenda. Yeye akaolewa kwao Bukavu, mimi nikabaki na kazi yangu. Tulikuwa tukipigiana simu na kutumiana picha za sufuria. Mwaka huu nikapata likizo fupi, nikamwambia nakuja. Alipiga kelele hadi nikausogeza mkono wenye simu mbali na sikio.

Tabora hadi Kigali

Nilibeba asali, kama inavyotarajiwa kwa mtu anayetoka kwetu. Kabla ya Kahama kifuniko kilikuwa kimelegea na asali ikawa inadondokea kiatu cha mzee aliyekaa jirani yangu. Alidhani ni mafuta ya gari. Alimwita kondakta, wakagombana juu ya basi bovu, abiria wakaingilia, na mimi nikakosa ujasiri wa kusema. Mwishowe mzee aligusa kiatu kwa kidole, akanusa, akalamba. Akanigeukia polepole.

"Mama, hii ni yako?"

Nikakubali. Akaniambia nisifunge kwanza, akatoa mkate wake mfukoni.

Mpaka wa Rusumo ulituchukua muda, lakini nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hahesabu foleni. Kigali nilifika nimechoka. Kulikuwa na basi la kwenda Kamembe linaloondoka wakati uleule, limebaki na kiti kimoja cha nyuma kabisa, katikati ya watu wanne. Nikalitazama, nikasema hapana. Nilitaka dirisha. Nilikuwa nimesikia kwamba njiani kuna msitu mkubwa, nami sikutaka kuupita nikiwa nimebanwa sina ninachokiona. Nikaliacha likaondoka, nikakata la baadaye, nikaenda kula mishikaki ya mbuzi na viazi, nikaridhika na nafsi yangu.

Msituni

Msitu ni mzuri kweli. Miti imesimama juu ya mabonde, ukungu unapita katikati yake, na baridi inaingia hadi kwenye vioo. Niliuona kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka, kwa sababu mvua ilikuwa imeangusha udongo barabarani na mabasi yakasimama mstari mmoja mrefu. Lile la kwanza nililoliacha lilikuwa limeshapita.

Jirani yangu safari hii alikuwa mama wa Kinyarwanda mwenye Kiswahili kidogo sana. Nilimwuliza kwa ishara kama njia itafunguka: nikanyoosha mkono mbele, nikafungua viganja, nikauliza kwa uso. Alinielewa mara moja. Akanishika mkono, akanishusha, akanipeleka nyuma ya kichaka, akatandaza kitenge chake kunisitiri, akanigeuzia mgongo kwa heshima. Nilishindwa kumweleza kwamba sikuwa nimebanwa na haja. Nikasimama pale muda wa kutosha, nikatoka nikamshukuru. Baadaye alinipa viazi vitamu vya kuchemsha vilivyokuwa bado na joto ndani ya kitambaa, na sijakula kitu kitamu kuliko hicho katika safari nzima.

Nilimtumia Nsimire ujumbe kwamba nimekwama. Alijibu: "Kuja pole pole. Chakula iko ku moto."

Tulipofika Kamembe mpaka ulikuwa umeshafungwa. Nililala upande wa Rwanda, nikiziona taa za Bukavu ng'ambo, zimepanda mlima kutoka ziwani. Nilikuwa karibu hivyo.

Darajani

Asubuhi nilivuka daraja la Ruzizi pamoja na akina mama wenye mabeseni kichwani. Nilimtafuta Nsimire kwa macho. Aliyenijia ni mwanamume mrefu, shati la ofisini limekunjamana, chupa ya chai kwapani. Nilimjua kwa picha: Mugisho, mumewe.

"Karibu sana, Maman Kulwa. Pole na safari."

Kwetu mama Kulwa ni mwanamke mwenye mtoto aitwaye Kulwa, na mimi sina mtoto. Nilitaka kumsahihisha, kisha nikakumbuka Nsimire alivyoniambia zamani kwamba kwao neno hilo ni heshima tu kwa mwanamke mzima. Nikauliza mwenyewe yuko wapi.

"Nsimire haiko. Bamemuita Walungu asubuhi hii. Mama yake anagonjwa. Na mvua imeharibisha barabara, sijui atarudia siku gani." Alisema hayo akiangalia begi langu. "Na kwetu Nguba maji imekatika. Nimekutafutia chambre kwa bamasera, pale mu ville. Ni pasafi."

Chambre ni chumba, na bamasera ni masista. Nyumba yao ya wageni ilikuwa safi kama alivyosema. Aliliweka begi mlangoni, akakataa kuketi, akaondoka haraka na chupa yake. Niseme ukweli, nilimwona mtu mkavu. Nikajiuliza rafiki yangu aliolewaje na mtu asiyejua hata kuuliza mgeni amekula nini.

Kushuka Nyawera

Simu ya Nsimire ilikuja kabla sijavua viatu. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu aliyechoka, na nikadhani ni uuguzi wa mama yake.

"Kulwa, nisamehe. Nitakuja kesho ao kesho kutwa. Sasa enda ukule. Usiende mu hoteli kubwa, watakupa kuku ya friji. Toka kwa masera, shuka, shuka tu mpaka Nyawera. Nyuma ya soko kuna mama anakaanga sambaza. Mwambie akukaangie za sasa hivi, asikupe za asubuhi."

Nikashuka. Sambaza ni visamaki vya ziwa Kivu. Ukiviona kwa mbali utasema dagaa wa Kigoma, ukivitafuna utaomba radhi. Vililetwa vimekaangwa vikakauka kwa mafuta ya moto, na limau, na pilipili iliyonitoa machozi, na donge la bugali, yaani ugali wao wa muhogo, laini unaovutika. Nilikula peke yangu kwenye benchi, watu wakinisogelea kwa adabu na kuniuliza ninatoka wapi. Nilipojibu, kijana mmoja fundi viatu alisema, "Ongea tena, maman, tusikilize ile Kiswahili ya radio."

Siku iliyofuata Nsimire alinituma tena chini, karibu na ziwa, kwa mtu wa nyama ya mbuzi. Mhudumu, dada mchangamfu mwenye kilemba cha njano, alinionyesha sinia.

"Maman, leo nyama iko paka hii."

Nikarudi nyuma hatua. "Paka?"

"Ndiyo, maman. Paka hii. Ingine imeisha."

"Mimi siwezi kula paka, dada yangu. Samahani sana."

Alinitazama, akatazama sinia. Mzee aliyekuwa akila pembeni alimeza vibaya, akaanza kucheka, kisha wote wakacheka, na yeye akanieleza huku akijifuta macho kwamba kwao "paka" maana yake ni "tu". Nyama ni hii tu. Paka anayelia nyau wanamwita pusi. Walinipa kipande cha ubavu cha kuniomba msamaha, kimechomwa vizuri, chumvi ya kutosha, na ndizi za makemba pembeni.

Nilirudi chumbani nikampigia Nsimire kabla kicheko hakijaniisha. Alicheka kile kicheko chake cha Morogoro, cha kuanguka upande. Halafu kikageuka kikohozi, kikohozi hakikuisha, na simu ikawa kama imewekwa chini. Wakati huohuo kengele ya mchana ya kanisa ikalia. Niliisikia dirishani, na niliisikia kwenye simu. Nikajiambia Walungu nao ni Wakatoliki, na saa sita ni saa sita kila mahali.

Akarudi. "Vumbi," akasema. "Kulwa, usile mahali pengine bila kuniuliza, eh? Watu watakudanganya. Nitakuambia mimi."

Nilianza kukasirika kidogo. Nilikuwa nimepanda mabasi yale yote kwa ajili yake, na sasa nilikuwa nikila kwa maelekezo ya simu kama mtu anayefanya mtihani. Sehemu alizonituma zilikuwa nzuri zote, sina kinyongo na hata moja. Lakini meza yenye kiti kimoja kitupu mbele yako inachosha. Chakula kikiwa kizuri sana inachosha zaidi, kwa sababu unageuka kumwambia mtu na mtu hayupo. Nilimwambia kwa ukali kwamba kama hawezi kurudi aseme nipande pikipiki nimfuate Walungu. Akasema barabara ni mbaya, nisijaribu.

Kupanda

Siku ya mwisho kabla ya kuondoka aliniambia nishuke tena, safari hii kwa maziwa ya mgando ya mashanza karibu na bandari. Nikatoka mlangoni kwa masista nikasema sishuki. Kwa mara ya kwanza nikapanda. Nilitaka kupata sehemu yangu mwenyewe, kwa pua yangu, niwe na kitu cha kumsimulia ambacho yeye hakukipanga.

Barabara inapanda kati ya maduka ya dawa, wauza matunda na ukuta mrefu wa hospitali. Mkabala na ukuta huo nikanusa sombe, majani ya muhogo yaliyochemka muda mrefu na mawese na samaki wa moshi. Nikafuata harufu hadi mlangoni. Kilikuwa chumba cha mabati, meza chache, kitambaa cha plastiki juu ya kila meza. Mwenyewe aliitwa Maman Mapendo, mnene, mwenye sauti ya chini.

"Karibu, maman. Ukae. Uko mugonjwa ao uko na mugonjwa?"

Nikasema sina mgonjwa, nimekuja kula. Akafurahi sana, akasema wateja wake karibu wote wanatoka hospitalini na hula bila kujua wanachokula. Akaniletea sombe, maharage na bugali, akasimama aone uso wangu. Nilikuwa na tonge la pili mkononi alipoita kuelekea mlangoni:

"Papa Mugisho! Ingia, supu ya maman iko tayari. Leo nimechuja mara mbili."

Nikageuka. Alikuwa amesimama kizingitini na ile chupa yake kwapani. Alikuwa amevaa shati lilelile. Alinitazama, nami nikamtazama. Maman Mapendo akaichukua ile chupa, akaanza kuijaza supu.

"Supu ya nani?" nikauliza.

Mugisho akavuta kiti, akaketi mbele yangu. Ndiye mtu wa kwanza kukaa mbele yangu mezani tangu nifike.

"Maman Kulwa, unisamehe. Alinikataza."

Kitanda

Koo la Nsimire lilikuwa na uvimbe. Alikuwa ameugua miezi mingi na katika simu zetu zote hakunigusia. Mugisho alinieleza tukivuka barabara. Ile siku niliyokwama msituni, alikuwa bado nyumbani. Alipika mwenyewe, akavaa kitenge kipya, akakaa kwenye kiti cha sebuleni akinisubiri, chakula kimefunikwa. Alitaka tukae usiku ule mmoja kama wazima, kisha aniambie. Alfajiri pumzi ikambana, wakamkimbiza hospitali. Akiwa pale kitandani ndipo akatunga ile habari ya mama kuugua Walungu.

Wakati nachagua kiti cha dirisha Kigali, sikujua ninachagua nini. Nimejaribu kujisamehe kwa hilo, na bado sijaweza.

Nsimire alikuwa kwenye kitanda cha karibu na dirisha. Nilimpita mara ya kwanza nikimtafuta, sikumtambua. Aliniita.

"Nilikuambia ushuke," alisema.

"Nimepanda."

"Umeanza kuwa mbishi."

Nikakaa kwenye kiti cha mbao, nikamshika mkono, na kwa muda nililia bila kuweza kuacha. Yeye hakulia. Alisubiri nimalize. Kisha nikakasirika, nikamwuliza alinidanganyaje, nimekaa siku zote hizi nikila peke yangu kama mjinga, naye yuko nyuma ya ukuta.

"Ungefanya nini?" akasema. "Ungekaa hapa, unaangalia mimi nameza maji. Miaka yote nilikuambia utakuja kukula. Nilitaka ukule, Kulwa. Ulikuwa unanipigia unaniambia ilikuwa namna gani, na mimi nilikuwa nakula na weye."

Hata leo najua hakuwa sahihi.

Akaniuliza sombe ya Maman Mapendo nimeionaje. Nikamwambia mawese yamezidi kidogo. Akasema hapana, ni samaki wa moshi aliyezidi. Tukabishana. Mama mmoja wa kitanda cha pili alituambia tuongee polepole, halafu akaingilia mwenyewe, akasema sombe ni lazima iwe na karanga, na sote wawili tukamgeukia kwa pamoja kumpinga.

Supu ilikuwa ikimshinda. Ilimkwama, akaitoa. Jioni nilirudi kwa Maman Mapendo, nikamwomba aniachie jiko. Akanivua koti, akanifunga kitenge chake kiunoni. Nilikaanga sambaza bila mafuta, nikazitwanga, nikazichemsha na tangawizi na kipande cha ndizi mbichi ili iwe nyororo, nikachuja kwa kitambaa, nikachuja tena. Nilimpelekea. Alikunywa kijiko, akafumba macho. Akanywa kingine. Mugisho alikuwa amesimama ukutani, nikaona anahesabu kwa midomo. Nsimire alikunywa hadi nusu kikombe.

"Chumvi kidogo," alisema. Hayo ndiyo yalikuwa maksi yangu.

Kurudi

Nilimpigia mkuu wangu kuomba niongezewe siku. Mlikuwepo, mnajua mitihani ya vitendo ilikuwa inaanza na hapakuwa na wa kunishikia darasa. Alisema anasikitika. Ningeweza kubaki hata hivyo. Kazi ingenisubiri, au isingenisubiri, na ningepata nyingine. Wakati ule nilijiona sina njia. Nsimire mwenyewe alinisukuma: "Enda. Utarudia Noëli, nitakuwa nimepona, tutashuka pamoja." Niliiacha asali kwenye meza ya kitanda, ingawa hakuweza kuimeza. Alitaka kuinusa tu.

Mugisho alinisindikiza hadi darajani. Hakuwa mtu mkavu hata kidogo. Alinibebea begi, na alipolishusha alisema, "Aksanti kwa ile nusu kikombe," kisha akageuka haraka.

Msituni nilipita nikiwa na dirisha tena, sikutazama nje. Simu iliishiwa chaji kabla ya Kigali, nami sikujali, maana nani angenipigia njiani? Nilipata umeme Rusumo, kwenye duka la mtu. Simu ilipowaka ilijaa namba ya Mugisho, mara nyingi, tangu asubuhi.

Nikapiga. Alisema Nsimire aliikataa supu nyingine yote. Alitaka ile yangu. Maman Mapendo alijaribu, ikatoka nzito, akamwambia Mugisho aniulize nilitia nini. Walinipigia mchana kutwa.

"Ndizi mbichi," nilisema, nimesimama kati ya magunia ya mchele. "Kipande kidogo, ikunwe, isikatwe. Na tangawizi itangulie. Yuko macho?"

"Analala sasa. Nitamwambia."

Nilisikia akirudia maneno yangu kwa Maman Mapendo, neno kwa neno, na yeye akiitikia. Basi langu likapiga honi.

Nsimire hakuamka vizuri tena. Walimzika Walungu, nami nilikuwa hapa darasani, nasimamia wanafunzi wakikaanga samaki. Wiki zilipopita Mugisho alinipigia, tukaongea kidogo, nikapata nguvu ya kuuliza kuhusu ile supu.

Aliniambia ilifika ikiwa moto. Ilitoka vizuri, nyororo kabisa. Walikaa nayo pembeni ya kitanda, yeye na mama mkwe wake, wakisubiri aamke. Ilipoanza kupoa, mama alisema si vizuri kuimwaga, mtu amehangaika kuipika. Wakaigawana, wakainywa.